Kopo la Mgeni

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wetu wa Kasongo alinipa mizani na amri moja: "Nunua kama wanavyonunua wenzako wa nchi nyingine. Tusipofanya sawa, hatulinganishi kitu." Kazi ilikuwa faharisi ya bei: kila mwezi unanunua kapu la vitu vilevile, kisha ofisi inaona bei zimepanda kiasi gani kwetu na kwa majirani.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na hata mizani sikuiamini.

Nikapangiwa Kabambare. Nilifika kwa pikipiki, matope hadi magotini, na wa kwanza kunikabili alikuwa Mama Feza, mpishi wa kituo cha watoto wenye utapiamlo. Fedha zake za unga ziliongezwa pale tu takwimu zetu zilipoonyesha bei imepanda.

"Mbona munaandika bei haipande?" aliuliza. "Sufuria yangu iko nusu. Watoto wanalamba kijiko."

Sokoni, Mama Salima aliuza unga wa muhogo kwa kopo, bei ileile tangu zamani. Alinijazia, akaongeza matabishi, ile nyongeza ya mkono, mpaka unga ukamwagika. Nikapima: uzito haujapungua tangu vipimo vya zamani. Kisha akamuuzia jirani yake. Safari hii alipitisha kijiti juu ya kopo, unga ukalala sawa na mdomo wake.

"Mama, jirani hapati matabishi?"

"Zamani alipata. Siku hizi unga iko nguvu kupata."

"Na mimi je? Nipitishie kijiti pia."

"Wewe iko mugeni, papa! Mugeni anapitishiwa kijiti? Uende Kasongo useme tuko na choyo?"

"Anakataa matabishi!" muuzaji mwenzake akacheka. "Huyu alisoma mingi."

Basi nikaanza kuomba wanunuzi ruhusa ya kupima unga wao. Kwa wote ulikuwa pungufu kuliko wangu. Nikatuma vipimo hivyo Kasongo. Shefu akanipigia simu.

"Kila nchi mpimaji ananunua mwenyewe. Wewe unapima vya watu. Nimefuta."

"Shefu, na huko kwingine wapimaji si wageni?"

"Utaratibu ni utaratibu, kijana."

Wazee huacha kazi wakiwa na mvi. Mimi niliacha bila hata unywele mmoja mweupe, na swali lile bado linaniwasha. Nilibaki Kabambare, nikaoa huko. Juzi Mama Feza alinituma nikanunue unga wa kituo. Mama Salima akajaza kopo, akaniangalia, akachukua kijiti.

"Hauko mugeni tena, shemeji."

Nilipeleka unga jikoni. Mama Feza aliupima kwa macho, akarudisha sufuria kubwa ukutani, akachukua ndogo.