Aliyenilea Keringet

Nililelewa na shangazi yangu, dada ya baba, kule Keringet, kwenye shamba la viazi lililokuwa la mzungu zamani. Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Baba akaenda Olkaria kutafuta kazi kwenye mitambo ya mvuke, akaoa huko, hakurudi kunichukua. Shangazi hakuwa amejaliwa mtoto. Siku nilipofika, nikiwa bado mlangoni na mfuko wangu wa nguo, mume wake alisema mbele yangu, "Mimi silei mtoto wa wenyewe."

Shangazi akamjibu, "Sijakuambia umlee. Nitamlea mimi."

Jioni hiyo alipigwa. Ndiyo mara ya kwanza nakumbuka kulisikia neno la kulea, kwa lugha ya kwetu, na kwa miaka mingi sikuweza kulisikia bila kungojea kishindo.

Mume wake nilimwita anko. Alipiga akiwa amelewa, na alipiga akiwa mzima pia, asubuhi, kabla ya chai. Siku moja nilikuwa na homa na shangazi ananinywesha uji kwa kijiko. Anko akasimama hapo akivuta mkanda wake kutoka kwenye suruali. "Unamlea sana huyu," akasema. "Ataoza." Kinywani mwake kulea kulikuwa ni kuharibu kitu. Shangazi alikuwa na maana yake mwenyewe. Nikizembea kazi alinipiga kwa kijiti cha kuni, halafu ananipaka mafuta pale paliponyanyuka, anasema, "Ng'ombe ndio nafuga. Wewe nakulea."

Nikiwa darasa la sita mwalimu wa Kiswahili alitupa insha, "Mlezi Wangu". Nyumbani tulizungumza kikwetu, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza sokoni. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Mimi nimelewa na shangazi yangu tangu nikiwa mdogo."

Mwalimu aliisoma kwa sauti. "Umelewa? Na shangazi? Mlikunywa nini?" Darasa likaangua kicheko. Akaniita mbele, akaniambia nitoe mikono. "Ni nimelelewa. Sema." Nikasema, fimbo ikatua. "Tena." Nikasema tena. Nilisema mara sita, na mara ya mwisho vidole vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Sijawahi kulikosea neno hilo tena.

Nilipomwambia shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu akaniwekea mikono kwenye maji ya chumvi. Lakini watoto walikuwa wameibeba hadithi hadi kwao. Jumamosi ile anko alienda senta, wanaume pale kwenye nyama choma wakamwambia, "Tunasikia kwako siku hizi analewa kila mtu, mpaka bibi na mtoto."

Alirudi mchana kweupe. Tulikuwa tunachimba viazi.

"Wewe ndio umeandika huko shule ati kwangu ni ulevi?"

Alinipiga teke la mbavu kwa gambuti, buti lake la mpira la shambani, nikaanguka kwenye mtaro. Akaweka mguu shingoni mwangu na kukandamiza. Udongo ukanijaa mdomoni na puani. Nilisikia shangazi akipiga kelele, "Mwache! Utamuua!" Mguu ukaondoka. Nikasikia ngumi ikimpata yeye mdomoni, akaguna. Kisha mguu ukarudi shingoni, mzito kuliko mwanzo, na macho yangu yakaanza kuona giza.

Shangazi aliinua jembe. Alimpiga kiunoni kwa kisigino cha jembe, upande usio na makali. Anko akaanguka kando yangu, uso wake karibu na wangu, amefumbua macho. Shangazi akampiga tena, palepale. Halafu alilitupa jembe, akaketi juu ya gunia, akatema damu na meno mawili.

Majirani walimbeba kwa pikapu ya maziwa hadi hospitali. Aliporudi baada ya wiki kadhaa, miguu yake haikuwa na kazi tena.

Wazee walikaa uani kwetu. Ndugu za anko walitaka shangazi afukuzwe, na mmoja alitaka apelekwe polisi. Lakini kila mtu kijijini alijua aliyokuwa akitendewa miaka yote hiyo, na shingo yangu ilikuwa bado na alama ya gambuti. Mzee mmoja akamnyooshea anko kidole, akauliza, "Sawa, aende. Na huyu nani atamlea?" Akawatazama wale ndugu mmoja mmoja. Wote wakainamisha vichwa. Shangazi, midomo bado imevimba, akasema, "Niachieni."

Tulimlea anko miaka saba. Tulimgeuza, tulimwosha, tulimlisha. Hakulainika. Chochote kilichofika mkononi mwake alikirusha, na siku moja alimwagia shangazi chai ya moto kifuani. Shangazi naye hakuwa malaika. Alimgeuza kama gunia, na akitukanwa alishika kijiko hewani, mbali na mdomo, mpaka anko anyamaze. Nikiona hivyo nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mgongoni alipata kidonda ambacho kilikataa kupona, na nesi wa zahanati alipokiona aligomba: "Mnakitibu ama mnakilea?"

Anko alipokufa, shangazi alilia siku tatu. Mimi sikulia, na nilimkasirikia kwa kulia kwake.

Sasa niko Ndabibi, nalima kabichi na mahindi. Mwaka juzi nilimleta shangazi kwangu kwa sababu kumbukumbu zake zilianza kumtoka. Kumwosha ni vita. Ananikwaruza, ananiuma, anapaza sauti, "Mtoto hajakosa! Nipige mimi!" Najua anamwona nani.

Jumapili moja, nikimwosha, alinyakua kikombe cha bati na kunipiga nacho juu ya jicho. Damu ikaniingia machoni. Nami nikampiga. Kofi moja, shavuni, kwa nguvu zangu zote.

Shangazi alifunika kichwa kwa mikono miwili na kujikunja kwenye kistuli cha kuogea, uchi, maji yanamchuruzika.

Nilitoka nje. Nilisimama katikati ya kabichi, nikanawa uso kwenye tangi, nikakaa huko kitambo. Niliporudi maji kwenye karai yalikuwa yamepoa na yeye hajasogea. Nikaongeza ya moto.

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mtoto wa kaka yako. Ulinilea."

Alishusha mikono pole pole, akaniangalia jicho. "Nani amekupiga hivyo?"

"Nimejigonga."

"Si yeye?"

"Si yeye. Hayuko."

Kisha akanigeuzia mgongo niuoshe.

Kesho yake nilimwendea jirani, mama mmoja tunayesali naye, nikamwambia nimempiga shangazi yangu, sitaki kurudia. Hakuniuliza mengi. Alivua aproni akaja. Siku hizi tunamwosha wawili: yeye anamshika mikono na kumwimbia, mimi nasugua. Nikisikia hasira inapanda namwambia, "Mama, endelea," natoka nje, naye anaendelea.