Kigelegele cha Mama Kwenye Kanda

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la kurekodi kanda hapa Kisauni, nimepeleka kanda yangu ipunguzwe makelele ya watu. Mbele yangu mwanamke mwenye buibui akatoa kanda ya taarabu iliyopigwa harusini kwake, akataka nakala. Fundi akaisikiliza, akakunja uso.

"Dada, hapa katikati kuna mtu kapiga kigelegele karibu na maikrofoni, kaharibu wimbo. Nitapunguza sauti hapo."

"Wallahi ukikigusa tutakosana," akasema, kaufunika ule mtambo kwa mkono. "Huyo ni mamangu."

"Sasa mama kumshangilia mwanawe kuna ajabu gani?" fundi akauliza.

"Aliapa hatakanyaga harusini kwangu. Mwaka wa pili huu hatusemezani, na siku ile sikumwona. Lakini kigelegele chake huishia kwa kikohozi. Nakijua tangu utotoni."

Fundi akarudisha nyuma, akaongeza sauti. Duka zima tukatega sikio. Kigelegele, kisha kikohozi.

"Na nakala ni ya nani?"

"Yake. Nampelekea Likoni. Akikana kwamba alikuja, nitairudisha nyuma asikie tena."

Zamu yangu ilipofika, nikamwambia fundi makelele yangu ayaache yalivyo.