Walivunja kanisa letu la mawe ili tupate ngazi

Wakuu, heshima kwenu. Nina mzigo kifuani, nautua hapa. Yote niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Kwetu ni Karatu, pande za Kansay. Tulikuwa na kanisa la mawe la enzi za mababu. Wapo wanaosema lilijengwa na mmisionari. Wapi! Mmisionari alisimama na kofia yake akionyesha kwa kidole. Mawe yalibebwa na wasichana, mgongoni, kutoka korongoni, wakishamaliza kukamua ng'ombe.

Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Na waliojenga walikuwa na akili. Kuta nene hadi mtoto aliweza kulala dirishani. Madirisha madogo, yote upande usio na upepo. Mwezi wa saba, Karatu ikigeuka friji, mle ndani ulikaa bila koti. Mlango ulikuwa sawa na ardhi, unaingia kama unavyoingia kwako.

Ikaja kamati ya ujenzi.

Mwenyekiti wake ni tajiri wa vitunguu vya Mang'ola, mtu ambaye akilala Arusha siku moja anarudi injinia. Huko aliona kanisa lenye ngazi ndefu, akapiga picha kwa simu, akatuonyesha ibadani. Watu wakapiga makofi.

Sasa wakuu, lile kanisa lina ngazi kwa sababu liko mlimani! Kwetu ni tambarare, mpira ukiuweka chini hauendi popote.

Mnajua walifanyaje? Walibomoa kanisa la zamani, wakayarundika mawe yake, wakamwaga kifusi juu, wakatengeneza kilima ili ngazi zipate pa kukaa. Yaani tulichanga ili tujengewe mlima.

Mama magoti yalishakwisha. Alichotaka ni kimoja tu, kushiriki Chakula cha Bwana ndani ya kanisa, kama alivyofanya tangu kipaimara. Jumapili ya ufunguzi alifika ngazi ya kwanza akasimama. Mwenyekiti akaja na suti yake, akasema asijali, vijana watambeba.

Mama akamjibu taratibu, "Mwanangu, mimi nitabebwa siku moja tu, na siku hiyo sitalalamika."

Akakaa chini pembeni ya ngazi. Tangu hapo alikuwa anasali nje, iwe jua iwe baridi, akisikiliza mahubiri kwenye spika. Chakula cha Bwana wakamletea huko huko, kama mgonjwa anayepelekewa uji wodini. Iliniuma sana.

Nikamwomba Mwenyekiti waweke hata njia ya mteremko ubavuni. Akasema itaharibu muonekano. Muonekano wa kanisa lenye tiles na vioo vikubwa, ambamo waumini wanatetemeka, na mvua ikipiga bati mchungaji hasikiki!

Mwezi uliopita mama alifariki.

Vijana sita wakampandisha zile ngazi, juu ya mawe aliyoyabeba akiwa msichana. Mwenyekiti akashika maiki, akamwita nguzo ya usharika.

Mama hakulalamika.

Nilichojifunza: kamati ikija na picha kwenye simu, msipige makofi kabla ya kuuliza bibi zenu wataingilia wapi. Nyie ambao kanisa lenu la mawe bado limesimama, hebu semeni hapa mlango wake ukoje.

Na Mwenyekiti, najua huwa unapita humu kimya kimya. Mama yako naye ameanza kutembelea fimbo.