Niliangushwa mtihani wa farmasi Baraka kwa sababu ya mama mukwe wangu

Salamu zenu wakuu, wa mbele na wa nyuma.

Wiki hii nimesoma nyuzi tatu za vijana wa famasia wanalia. Internship haina nafasi, bodi haijibu, leseni imekwama, sijui nibaki mjini au niende mgodini. Nikasema ngoja na mimi mzee niweke yangu.

Ni ya miaka ya hamsini, kwetu Fizi na Baraka, Kongo ya Wabelgiji. Sitaongeza chumvi. Ningekuwa na uwezo ningepunguza iliyomo.

Naandika kwa kidole kimoja, na Kiswahili changu ni cha Fizi kilichokaa Kigoma miaka mingi. Msinisahihishe, mtanichosha.

Twende.

Wakati ule mtu mweusi hakuitwa pharmacien. Hata ungezijua dawa zote za kabati kwa harufu, jina lako lilikuwa aide, msaidizi. Unasoma miaka miwili hospitali, halafu mwaka mmoja wa stage, mazoezi ya kazi, halafu mtihani mbele ya docteur wa serikali, mzungu. Ukipita, unapewa brevet, cheti chenyewe.

Bila brevet unavaa blouse nyeupe ya kazi lakini kazi yako ni kuosha chupa. Ukiwa nayo unapewa ufunguo wa kabati la dawa na unapangiwa dispensaire, zahanati yako. Ule ufunguo niliutaka kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimemwoa Nyassa, binti wa Swima, na wakwe walikuwa wanasubiri kuona kama wamempa mtu au wamempa mwosha chupa.

Sasa mkae sawa, maana makaratasi peke yake yangeua ng'ombe.

Barua ya chef wa kijiji. Barua ya mission ya kanisa. Karatasi ya kuonyesha huna ukoma. Karatasi ya ruhusa ya kutoka nyumbani kwenda Baraka, kama vile Baraka ni Ulaya. Nikazipeleka zote Fizi, nikapanda ule mlima kwa miguu, karani akanitazama akasema, "Iko pungufu moja."

Ipi?

"Utaletewa habari."

Habari ililetwa baada ya miezi miwili. Iliyopungua ilikuwa ile ya ukoma, ambayo alikuwa ameikalia yeye mwenyewe. Leo mkisema mtandao wa bodi uko chini mimi nacheka tu.

Basi, stage nikafanyia Baraka, kwenye dispensaire, na mwenzangu mmoja anaitwa Lazaro. Lazaro alikuwa mvivu wa kupima poda ila fundi wa maneno. Watu wa namna hiyo huwa wanafika mbali, mtaona.

Kazi yetu ilikuwa kwenye dirisha la dawa, na dirisha lilikuwa na utaratibu wake. Unachukua fiche, ile karatasi ya mgonjwa, unamwita jina lake kwa sauti, anakuja. Unampa dozi ya kwanza anameza palepale mbele yako. Unamwambia, "Fungua kinywa," unaangalia kama imeshuka. Ndipo unasaini.

Utaratibu ulikuwa na sababu. Kinini, dawa ya malaria, ni chungu, na bamama walikuwa wanaificha shavuni, wakifika nje wanatema.

Sasa kwa wasiojua ya kwetu. Nyumbani kwetu, mama mukwe hutamki jina lake. Humtazami usoni. Huli mbele yake wala yeye hali mbele yako. Mkikutana njiani unaingia majanini, apite. Si uadui, ni heshima, na kadiri unavyomwogopa ndivyo watu wanavyosema amepata mukwe mzuri.

Mnaona tunapoelekea.

Mwaka mzima tatizo halikuwepo. Mtu wa ukweni akija, nampokonya Lazaro chupa za kuosha, yeye anakaa dirishani. Hatukumwambia mtu yeyote. Nani angemwambia mzungu mambo ya bukwe? Wangecheka mezani kwao mpaka jumapili.

Siku ya mtihani docteur akashuka toka Fizi, mtu mrefu, amechoka na vumbi, hana utani. Akakaa nyuma yangu kwenye kiti na kalamu. Wagonjwa kumi, akasema. Niwahudumie kumi bila kosa, yamekwisha.

Wa kwanza mpaka wa sita nikawapitisha vizuri. Mzee mmoja mfanyabiashara, Mwislamu wa pale ufukoni, alimeza dawa na kuniombea dua juu yake. Nikaanza kuuona ufunguo.

Nikachukua fiche ya saba.

Jina lilikuwa lake.

Hata leo siliandiki hapa, na atakayeniuliza kwenye comments simjibu.

Nikainua macho kidogo. Yuko kwenye benchi, karibu kabisa na dirisha, amejifunika kitambaa mpaka kichwani, anatetemeka na homa. Ametoka Swima na miguu yake. Aliponiona akageuza mgongo, kama inavyotakiwa.

Nikaiweka fiche chini, nikachukua ya nane.

"Ya saba," docteur akasema.

Nikasema, "Ule mama pale."

"Muite jina."

Nikasema labda Lazaro amuite. Docteur akasema Lazaro hayuko kwenye mtihani, ni mimi. Watu kwenye benchi wote walikuwa wameshaelewa. Mtu peke yake ambaye hakuelewa pale Baraka nzima ndiye aliyeshika kalamu.

Basi akaniuliza, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu swali lilikuwa zuri kabisa. Akauliza kwa Kiswahili chake kile, "Hii mama iko nani kwako?"

Angalieni. Mtu ananipa mlango. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu.

Nikaona aibu. Nikaona atacheka, aandike kwamba mimi ni mshenzi wa porini, nirudishwe kwenye chupa.

Nikasema, "Simujui."

Kwa sauti. Dirisha liko wazi.

Mama mukwe akasimama. Hakugeuka. Akajikaza kitambaa chake, akashika njia ya Swima na homa yake, bila dawa. Lazaro alimkimbilia na kinini mkononi, akarudi nayo. Alisema mama hata hakusimama.

Docteur akaandika mistari miwili. "Stagiaire anachagua wagonjwa. Hafai dirisha." Rudia mwaka.

Jioni ile Lazaro aliniambia, "Weye mujinga kabisa. Ungesema tu iko mukwe yako." Nilitaka kumpiga. Hasira kubwa ilikuwa kwamba amesema kweli.

Nikarudia mwaka, wakuu. Mwaka mzima. Lazaro alifanya mtihani wake wiki iliyofuata, akapita, na nafasi ya Baraka akapewa yeye. Mvivu wa kupima poda. Ufunguo ukaning'inia kiunoni kwake na mimi namwoshea chupa.

Katikati ya mwaka akaja mtu wa mgodi wa dhahabu wa Lulimba, anatafuta watu wa dawa na haulizi brevet. Nyumba ipo, chakula kipo, uanze kesho. Nilikwisha kufunga sanduku. Nyassa akakaa juu ya lile sanduku.

"Ukienda bila ile karatasi," akasema, "utazeeka unaitwa boy."

Nikamuuliza kwa hasira, kwani mama yake anasemaje. Kwa sababu tangu siku ile Nyassa alikuwa akienda Swima peke yake, na akirudi hasemi neno.

"Mama alipona," akasema. Basi.

Nikafungua sanduku. Katika maamuzi yote ya kazi niliyowahi kufanya, hilo ndilo peke yake nisilolijutia, na hata si mimi niliyelifanya.

Mwaka ukaisha, akaja docteur mwingine, kijana. Safari hii nilikuwa nimechoka hata kuona aibu. Kabla hajakaa nikamweleza yote. Bukwe, jina, kinywa, fiche ya saba, lile jibu langu.

Hakucheka. Akainuka, akaenda kwenye kabati la dawa, akagonga mlango wake kwa kidole. Pale palikuwa pamebandikwa karatasi ya kanuni, kwa Kifaransa, mistari mingi, imefifia.

Akasoma mmoja. Stagiaire asimpe dawa mtu wa famille yake, amwachie mwenzake.

Ile karatasi nilikuwa naipangusa vumbi kila asubuhi, miaka miwili.

Ningesema "mama mukwe wangu", yule wa kwanza angelazimika kumwita Lazaro, mama angepata kinini, mimi ningepata Baraka. Kanuni ilikuwa upande wangu tangu mwanzo. Nilichoka kabisa, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa.

Nikapita. Brevet ikaja kutoka Bukavu baada ya muda wake wa kukera, ikanipeleka Kilembwe, mbali na ziwa, kwa wakulima. Sikubisha. Ila kwanza nikaenda nayo Swima kuionyesha.

Baba mukwe akafurahi, akawaita majirani, karatasi ikapita mkono kwa mkono, hata wasiojua kusoma wakaigeuza mbele na nyuma. Mama mukwe alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, mahali pake. Nikasema moyoni, sasa amesikia vigelegele, yamekwisha.

Nyassa akatoka jikoni, akainama karibu yangu ili baba yake asisikie.

"Mama anasema kutokumuita jina haikumuuma. Anasema ulifanya vizuri." Akainama zaidi. "Anauliza tu, sasa umeshamujua?"

Wakuu, nilikuwa na brevet mkononi, ina muhuri wa serikali, na haikunisaidia kitu. Nilimwambia amwombe mama msamaha. Akaenda. Alikaa huko muda mrefu, akarudi na sahani ya chakula changu, na mama hakutuma neno lolote.

Kwa hiyo vijana, nendeni kwenye hizo bodi zenu. Someni karatasi iliyobandikwa mlangoni, yote, hata kama imefifia. Msimamizi akikuuliza huyu ni nani kwako, mwambie. Akicheka, acha acheke. Leseni ikichelewa mwaka inaumiza, mimi naijua ile hasira mpaka leo. Lakini brevet niliipata mwaka uliofuata. Ila kwa upande wa mama mukwe, nilikaa miaka kumi na moja Kilembwe namtumia dawa za homa kila masika, na kila mara mwenye kuzipeleka alirudi akisema amepokea, ameshukuru, ameuliza zimetoka kwa nani.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kunisema aniseme, nimezoea.