Msiba wa Mahindi Mabichi

Ng'ombe wangu wa maziwa ni mmoja tu, yuko nyumbani Sofu, na kila kiangazi hubaki mifupa. Mwaka ule niliapa kumtengenezea saileji: mahindi yakatwe mabichi, bua, majani na hindi lake, yashindiliwe shimoni, yafunikwe nailoni hadi malisho yaadimike. Shangazi akanipa shamba Mzenga.

Msimu mzima niliyapima kwa futi ya mke wangu, fundi cherehani: urefu, unene wa bua, upana wa jani. Nilikwishajifunza kwamba bua na majani hujaza shimo, lakini maziwa yamo kwenye hindi lenyewe. Punje zilipoanza kukaza, nikanoa panga.

Nilikuwa mstari wa tatu shangazi alipotokea. Habari ya saileji sikuwahi kumwambia, nikidhani haimhusu. Kosa langu.

"Uwiii! Mwanangu kaingiwa na nini? Anafyeka chakula kibichi!"

Akaketi chini, akaangua kilio. Mzenga kilio hakina mwenyewe. Wanawake wakaja wamejifunga kanga viunoni, wanaume nyuma yao, wakiuliza nani amefariki. Shangazi akanyoosha kidole kwenye mahindi. Mkeka ukatandikwa. Mzee mmoja akanishika mkono: "Pole sana, baba. Kazi ya Mungu." Nami, mjinga, nikaitikia, "Nimeshapoa."

Nikawaeleza habari ya ng'ombe. Walinisikiliza kwa huruma, kama anavyosikilizwa mfiwa anayeweweseka. Kisha shangazi akafuta machozi.

"Watu wameacha kazi zao waje kukuliwaza. Waondoke na njaa?"

Sufuria likainjikwa, mahindi yakavunjwa shamba zima. Kufika alasiri waombolezaji walikuwa wamemtafuna marehemu, na kilichobaki wakakifunga kwenye kanga. Nilikasirika hata kuaga nikashindwa. Nilirudi Sofu na kigari cha mizigo, kirikuu, kimejaa mabua na majani, hindi hata moja hakuna.

Kiangazi kilipofika, shimo lilikuwa limejaa, lakini maziwa hayakutosha hata kikombe cha mtoto. Ndipo shangazi akaja kututembelea. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwekea chai ya rangi. Akainywa bila kuuliza, kisha akaenda bandani, akamtazama ng'ombe mbavu moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mnyama kakonda hivi! Kwani humpi mahindi?"