Jina Ambalo Mwalimu Kosgei Aliliruka

Mwalimu Kosgei ni jirani yangu hapa Mau Narok, na nampenda, ingawa tangu astaafu kichwa chake kimekuwa kigumu ajabu. Alinunua simu kubwa, akaanza kusoma Wazungu wanaosema kila watu wana damu yao na ardhi yao, na kwamba kuchanganyika ni kufa. Akatuandikia hayo kwenye grupu ya kijiji. Nilimuuliza, "Mwalimu, si ni Wazungu wa mawazo hayo hayo walifukuza babu yako kwa hili shamba?" Akanitoa kwenye grupu. Chai yake bado nanywa.

Kisha mwanawe akaoa Shiru, Mkikuyu wa Kabazi. Mtoto alipozaliwa, Mwalimu alitangaza kwamba wazee wa ukoo waliokufa wakimkataa, yeye hatamwita mjukuu. Shiru akafunga nguo zake kwenye begi, akaliweka mlangoni.

Kwetu mtoto hutajiwa majina ya waliokufa huku akinusishwa tumbaku kidogo. Atakayetajwa mtoto akapiga chafya, huyo ndiye amerudi. Cherop, shangazi yake Mwalimu, alimpakata mtoto, Mwalimu akasoma karatasi yake ya vizazi saba, vyote safi, vimepigwa chapa. Kibii. Kigen. Kipkirui. Mtoto kimya. Wakarudia mpaka mwisho. Tumbaku ilinitoa machozi mimi, yeye wapi!

Shiru akainuka, akachukua begi. Niliona uchungu mpaka nikashindwa kumtazama.

"Mwalimu," Shangazi Cherop akasema, "hiyo karatasi imeruka mtu."

"Hakuna."

"Kuna mwenye alikulea mama yako akikufa. Sema jina yake wewe mwenyewe."

Mwalimu akaikunja karatasi, akaikunjua. Hata alipomzika mkewe sikumwona hivyo.

"Wariara," akasema.

Chafya! Tukapiga vigelegele.

Shiru alikuwa bado amesimama na begi. "Baba, hilo si ni jina la kwetu?"

"Ni la nyanya yangu. Alitoka kwenu wakati wa njaa, babu akamwoa. Alinibeba mgongoni mpaka nikaanza shule. Na mimi ndio nilimfuta."

Mwalimu akapiga magoti kwenye sakafu, mzee mzima, mbele ya kitoto cha siku nane, akavua kofia.

"Nyanya," akamwambia, "nisamehe."