Jinsi nafasi za pembeni mwa maandishi zilivyomrudisha Maman Béatrice darasani, hapa Brussels

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Huu uzi sijautia chumvi. Maman mwenyewe nimemsomea kabla ya kupost, kacheka, akasema niweke tu.

Mimi ni mdada wa Iringa, nafanya kazi za software hapa Brussels. Naishi Ixelles, karibu na Chaussée d'Ixelles. Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa Maman Béatrice, Mkongo wa Bukavu. Kwao alikuwa mkunga. Huku akawa anahudumia wazee, hadi presha ya macho ilipomchukulia uwezo wa kuona. Sasa haoni kabisa.

Lakini yule mama hakukaa kulia. Kikundi kimoja cha akina mama kilimwomba awafundishe wahudumu wapya namna ya kumtunza mzee mgonjwa, kwa Kiswahili chao. Akakubali siku hiyohiyo.

Masomo yake anaandika kwenye editor, programu ya maandishi matupu, ile ya kupanga mada kwa ngazi. Kichwa kikubwa kinaanza pembeni kabisa, kilicho chini yake kinaingizwa ndani kidogo, cha chini zaidi kinaingia zaidi. Ndiyo tunaita indent.

Sisi tunaona kwa macho. Yeye kompyuta inamsomea kwenye earphone, na kabla ya kila mstari inampigia mlio. Mstari ukiingia ndani zaidi, mlio unapanda.

Aliniambia, "Binti, miye nasikia escalier. Hapa inapanda, hapa inashuka. Bon, najua niko wapi."

Escalier ndiyo ngazi za kupandia. Miaka yote naandika code, sijawahi kufikiria indent kama kitu cha kusikia.

Sasa tatizo.

Siku ya majaribio, mbele ya akina mama wachache, alikuwa anasoma sehemu ya mgonjwa mwenye usingizi mzito. Huyo halishwi, chakula kinaweza kumpalia. Chini yake alikuwa amesogeza ndani zaidi kichwa kingine, "Akishaamka kabisa", chenye hatua za kumlisha.

Kichwa kilisogea. Hatua zake zilibaki zilipokuwa. Kwa hiyo kwa mlio, zikasikika kama ni za yule aliyelala.

Akafuata mlio, akakiruka kichwa chenyewe, akasoma: mkalishe wima, kijiko kidogo, subiri ameze.

Dada mmoja akauliza, "Maman, donc ule mwenye kulala tunamulisha?"

Maman akausikiliza tena ule mstari. Mikono ikatulia juu ya keyboard. Kisha akasema, "Hapana. Musimulishe. Mungoje kidogo, bintu byangu bimechanganyika."

Baada ya pale msimamizi wa kikundi akampendekezea, kwa upole tu, kwamba mtu mwingine asome na yeye akae pembeni ajibu maswali. Maman alinihadithia akiwa anamenya ndizi jikoni kwake, na sijawahi kumsikia na sauti ndogo vile.

Nikamwambia, "Maman, usijibu bado. Nipe hiyo laptop."

Hiyo editor inaruhusu uiongezee command, yaani amri, zako mwenyewe. Nikaandika moja: ukibonyeza, kila kilicho chini ya kichwa kinajipanga upya kulingana na kichwa chake.

Nikajisifu moyoni. Nikampelekea.

Akasikiliza kidogo, akatoa earphone. "Binti! Umelalisha bantu bote ku sakafu!"

Kweli bwana. Nilikuwa nimeuambia kila mstari uanze mahali pamoja. Hatua ndogo zilizokuwa ndani ya hatua kubwa zote zikawa sawa. Escalier yote ikawa sakafu. (Wanaoandika code humu naona mnacheka, chekeni tu.)

Nilizunguka na hilo jambo siku kadhaa, kwenye basi, kazini, hata kanisani. Mwisho nikaelewa: nisipange mstari mmojammoja. Nipime tu mstari wa kwanza umepungukiwa nafasi kiasi gani, halafu nisukume block nzima, yaani fungu lote la mistari, kwa kiasi hichohicho. Familia inahama, lakini kaka mkubwa anabaki mkubwa na mdogo anabaki mdogo.

Nikarudi kwa Maman. Akasogeza kichwa kimoja, akabonyeza, akasikiliza. Akakisogeza tena, kwa makusudi, akakipeleka mbali. Akabonyeza. Nikaona kidole chake kinapanda na kushuka hewani akifuata milio.

"Voilà," akasema. "Batoto wamefuata mama yao."

Akampigia msimamizi palepale. "Nitasoma miye mwenyewe."

Darasa lenyewe lilikuwa mtaa wa Molenbeek, hapahapa Brussels, chumba cha juu ya duka, si mbali na ule mfereji wa meli. Nilikaa nyuma. Wakuu, yule mama alifundisha! Earphone sikio moja, sikio jingine kwa wanafunzi. Ukimuuliza kitu cha mwanzo anaruka hadi pale, anajibu, anarudi alipoishia. Ilipofika ile sehemu ya mgonjwa aliyelala, mimi ndiye niliyekuwa najikunja kwenye kiti. Yeye akapita sawasawa, hatua kwa hatua.

Mwishoni walisimama kumpigia makofi. Nami nilipiga hadi viganja vikawaka.

Tukiwa kwenye metro kurudi, akampigia mdogo wake Bukavu. Sauti juu, behewa zima linasikia. Kwa kawaida mtu wetu akiongea hivyo kwenye metro mimi huangalia dirishani kwa aibu.

"Allô? Leo nilifundisha! Eeh, miye! Wameniita professeur!"

Siku hiyo sikuangalia dirishani. Nilikaa kifua mbele, nikitamani mtu aniulize huyu mama ni nani, nimwambie ni jirani yangu.

Nilichojifunza: kabla hujamtengenezea mtu kitu, kaa naye kwanza uone anakitumiaje. Mimi nilijua code, ila bila masikio yake ningeishia kwenye ile sakafu.

Haya, mwenye ndugu asiyeona anayetumia kompyuta, au aliyewahi kufanya kazi ndogo ikamvimbisha kichwa kama mimi, ashushe yake hapa chini. Maman ataka nimsomee comments zote, kwa hiyo lugha nzuri tafadhali.